Mama mkwe anataka mwanangu akatwe kimeo

Shangazi, assalaam alaykum.

Nakuandikia kwa simu usiku huu, mtoto kanilalia kifuani, maana nikimlaza chali anakohoa mpaka anatapika. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Wete nyumbani kwa mama mkwe. Mume wangu yuko Unguja kikazi, anakuja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Mtoto ninayemsema ni wa pili, mwanamume, ana miaka mitatu. Kabeba jina la marehemu baba mkwe, kwa hiyo bibi yake hamwiti ila "mume wangu", na asubuhi akifungua macho wa kwanza kumtaka ni huyo bibi. Hili nalitanguliza usije ukadhani nakuletea mashitaka ya mama mkwe mbaya.

Kikohozi kimeingia wiki ya tano. Kilianza na mafua ya kawaida tu. Watoto wa wifi yangu walikuja na boti kutoka Unguja, mmoja kamasi zinamtiririka, na siku tatu hazikupita nyumba nzima inapiga chafya. Mwanangu alipata homa siku tatu, ikaondoka, kamasi zikakauka. Sote tukapona, yeye kikabaki kikohozi. Mchana anacheza, anakula, anakimbiza kuku uwani mpaka anakanyaga karafuu za watu kwenye majamvi. Jua likizama kinaanza, na alfajiri ndiyo zaidi: kikohozi kizito cha majimaji, unasikia kitu kinapanda kifuani, kinafika kooni, halafu anakimeza. Na huyu huyu alikuwa na mafua mengine mwezi mmoja kabla, na mengine kabla ya hayo. Nikihesabu, tangu karafuu zianze kuchumwa hajapata wiki mbili mfululizo za kifua kisafi.

Nilikwenda duka la dawa nikapewa amoksilini ya maji, akanywa siku tano. Hakikubadilika kitu. Nikarudi nikapewa nyingine ya rangi ya waridi, ghali kuliko ile ya mwanzo. Hali ile ile.

Sasa mama mkwe. Wiki iliyopita alimpakata mtoto mlangoni penye mwanga, akamwambia aseme "aa", akambonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko na kummulika kwa tochi ya simu. Akaniita: "Njoo utazame kilivyoshuka!" Nikatazama. Kweli kimeo kilikuwa kirefu, chekundu, kinakaribia kugusa ulimi. "Hicho ndicho kinachomtekenya. Akilala kinamlalia kooni. Kikatwe." Na ushahidi anao: mtoto wa wifi yangu, mwaka juzi, alikohoa muda mrefu kama hivi, akakatwa, na haikupita wiki kikohozi kikakoma. Wifi mwenyewe anathibitisha. Tena mama mkwe mtoto wake wa kwanza alifariki kwa kifua akiwa mdogo, na mpaka leo anasema laiti angalikatwa kimeo mapema.

Ameshampata mkataji, mzee mmoja anayeaminika huko kijijini kwao. Miadi ni Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala.

Nilimpigia kaka yangu anayesomea uuguzi Unguja. Kanambia kimeo hakina kosa, virusi vya mafua vinanyoa vinyweleo vilivyomo ndani ya njia za pumzi, ndiyo maana makohozi hayatoki, nisubiri vitaota tena. Nikamweleza mama mkwe. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga. "Nywele kifuani! Mtoto wa miaka mitatu! Baba yake mwenyewe hana!" Na kusema kweli hata mie sikulielewa vizuri la kaka, kwa hiyo sikuwa na la kumjibu.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwa kuona nimeshindwa, nikamwambia kuwa nimeshampeleka mtoto kwa daktari na daktari kakataza asikatwe. Sikumpeleka. Siku ile nilikwenda sokoni. Sasa kila siku ananiuliza ni daktari gani, kaandika dawa gani, karatasi iko wapi. Mume wangu nikimpigia, jibu lake ni moja: "Mtii mama, hawa wazee ndio waliotulea." Yeye mwenyewe alikatwa utotoni.

Nakiogopa kisu. Na naogopa pia nikikataa kisha mtoto akazidiwa, nitaambiwa nimemuua mwenyewe. Nimefikiria nimchukue niende kwetu Chake mpaka Ijumaa ipite. Nishauri, Shangazi. Na hivyo vinyweleo, kweli vipo?

Mama wa Wawili, Wete

JIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umefunga mambo kadhaa kwenye kanga moja: kikohozi kisichokwisha, kisu cha Ijumaa, uongo uliokuponyoka, na mtu unayempenda ambaye sasa unamkimbia uwani. Nitaanza na vinyweleo, kwanza kwa sababu vimechekwa, na pili kwa sababu ukivielewa vizuri utapata cha kuzungumza na mama mkwe wako badala ya kujificha nyuma ya daktari asiyekuwepo.

Vipo. Ila nywele za kuota kama za kichwani sizo, na kwa jina lile mama mkwe alikuwa na haki yake kucheka. Kuanzia ndani ya pua, kushuka bomba kuu la pumzi, mpaka kwenye matawi membamba ya mapafu, utando wa ndani umejaa vinyuzi vidogo mno ambavyo wataalamu wanaviita silia. Seli moja tu inabeba kiasi cha silia 200. Ukitaka kujua udogo wake, shika unywele mmoja wa kichwani mwako: silia kumi ukizipanga kichwa kwa mguu ndipo zinapata unene wa unywele ule. Nimesema unene, si urefu. Na hazikai kimya. Kila moja inapiga zaidi ya mara kumi kwa sekunde, mwenyewe uko macho au umelala.

Umewahi kumtazama mvuvi anavyopiga kafi? Linaingia majini limenyooka, analivuta kwa nguvu, kisha analirudisha kwa wepesi lisimpotezee mwendo. Silia ndivyo zinavyofanya: zinanyooka zikisukuma, zinajikunja zikirudi. Wala hazipigi zote kwa pamoja, moja inafuatia nyingine, hata ukizitazama kwa darubini unaona wimbi linapita kama upepo juu ya bonde la mpunga. Chini yake kuna maji mepesi ambamo zinacheza, na juu kumetandwa ute unaonata. Vumbi, moshi, vijidudu, vyote vinanasa kwenye ute huo, na silia zinausukuma kuelekea kooni, milimita chache kila dakika. Ukifika kooni tunaumeza bila kujua na tumbo linamalizia kazi. Mimi na wewe tunaumeza kutwa kucha. Kwa hiyo mwanao akimeza makohozi usiumie roho, anayapitisha njia yake ya siku zote.

Sasa waingie virusi. Kaka yako kasema "vinanyoa", na amepatia nusu, kwa sababu kila kirusi kina tabia yake. Cha influenza kinakuja na mkasi wake wa kukatia ute ili kisinase. Kikifika kwenye seli kinaingia, kinazaana humo, na seli ile inakufa na kubanduka pamoja na silia zake zote. Hapo mtu hakunyolewa, kavuliwa ngozi. Kipo kingine kinaitwa RSV, kilichoonekana mara ya kwanza Marekani mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, wala si kwa watu. Leo tunajua kwamba karibu kila mtoto anakuwa ameshakipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Hiki kinazitafuta hasa seli zenye silia. Zikishajaa virusi zinavimba, zinang'oka, zinadondokea kwenye vijitundu vya pumzi na kuviziba, ndiyo maana kwa mtoto mchanga kinatisha. Kisha kuna ukoo mkubwa wa rinovirusi, hawa wa mafua ya kila siku, zaidi ya aina 100.

Cha korona ndicho kilichonishangaza mie na uzee wangu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionesha kwamba kirusi hicho kinazishika silia zenyewe na kuzitumia kupenya ule ute uliowekwa ili kukizuia. Mwizi kaja, kaukuta ufagio umeegemezwa ukutani, kapandia huo huo.

Sijui kipi katika hivi kilichokuja na boti na wapwa zake mumeo, na kwa tiba ya nyumbani si lazima kujua. Yanayofuata yanafanana. Kwa muda, sehemu za njia ya pumzi zinabaki hazina mfagiaji. Ute unatoka, tena mwingi kuliko kawaida, lakini wa kuusukuma hayupo. Mtoto akilazwa unatuama, na mwili unabakiwa na njia moja ya kuutoa, nayo ni kukohoa. Kile unachokisikia alfajiri kikipanda, kikafika kooni, kikamezwa, ni kazi ya silia inayofanywa kwa nguvu na kwa kelele mpaka wenyewe warudi.

Na watarudi, ila kwa mwendo wao. Chini ya utando ule kuna seli za akiba zinazogawanyika kujaza pengo. Seli mpya haizaliwi na silia zake. Inakua kwanza, kisha inaziotesha, kisha zote zielekezane upande mmoja. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana kikohozi cha baada ya mafua huchukua wiki mbili au tatu, na kwa wengine kinaburura mpaka wiki ya nane. Mtoto mdogo naye anaweza kushikwa na mafua mara sita mpaka nane kwa mwaka na asiwe na ugonjwa mwengine wowote. Piga hesabu. Mafua mapya yanazikuta silia ndiyo kwanza zinachomoza, yanazibandua upya. Wewe unahesabu kikohozi kimoja tangu karafuu zianze, na huenda ni vitatu vimeungana mikia.

Hapo ndipo nataka umtazame tena mtoto wa wifi yako. Simwiti mtu mwongo, alichokiona alikiona. Lakini hebu fikiri, ni nani anayekata kimeo siku ya pili ya kikohozi? Hayupo. Mwanzo hupikwa tangawizi, kikatafutwa asali, likaendewa duka la dawa, mtoto akasomewa. Watu wakishachoka kabisa, wiki ya nne au ya tano, ndipo kisu kinapoitwa. Na wiki ya nne, ya tano, ya sita ndizo hizo hizo ambazo silia zinarudi kazini. Kisu na uponyaji vinafika mlangoni siku moja, na kinachoonekana ni kisu, kwa hiyo kinashukuriwa. Mumeo naye huenda kapona kwa hesabu hiyo hiyo.

Nacho kimeo mlichokimulika? Mlichokiona kilikuwepo. Koo likiwaka kwa mafua na kukohoa usiku kucha, kimeo nacho kinavimba na kurefuka. Lakini kinaning'inia nyuma ya kinywa, na ute unaomsumbua mwanao uko chini, kifuani. Mie nakiona ni mmoja wa waliopigwa. Katika miaka yangu ya wodini niliwapokea watoto waliotoka kukatwa. Wengi wa wanaokatwa hawapati neno, na ndiyo siri ya mila hii kudumu. Lakini niliwaona waliofika midomo imekuwa myeupe kwa kuvuja damu, kwa sababu mtoto mdogo huimeza damu kimya kimya na mama hajui mpaka aitapike. Niliwaona waliooza koo wakashindwa hata kumeza mate. Ipo pepopunda, na kama wembe umepita kwa mtoto mwengine ipo homa ya ini na upo ukimwi. Wapo pia ambao baadaye maji ya kunywa yanawatokea puani. Wangu nisingemkata, hilo siwezi kukuficha. Ila wangu hakuzaliwa nyumbani kwa mama mkwe wako, na anayejua ugumu wa kulisema hilo mle ndani ni wewe.

Sasa niruhusu nikugeuzie na wewe, kwa upole. Kaka yako kampima mtoto kwa simu, mama mkwe kwa kijiko, muuza dawa kwa bei, na wewe kwa hofu. Hadi leo hakuna aliyemwekea sikio kifuani. Haya yote niliyokueleza ya silia ni maelezo yanayowafaa watoto wengi wanaokohoa baada ya mafua, na dalili ulizoandika, homa kuondoka, anakula, anacheza, zinaelekea huko. Lakini wiki tano ni nyingi mno kwa mimi kuapa kwa barua. Kikohozi kikipita wiki mbili, kwetu huku mtu anatakiwa aangaliwe kifua kikuu, na kipimo na dawa zake ni bure. Kuna pumu, ambayo pia hupenda usiku na alfajiri. Kuna kifaduro. Kuna mtoto aliyevuta punje ya karanga, au konyo la karafuu kwa nyumba kama yenu, likakwama kwenye tawi la pafu na yeye hawezi kusema. Na wafagiaji wakiwa hawapo, bakteria nao huingia kupanga. Katika ile homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani mwaka 1918, wengi waliokufa walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya kirusi. Kwa hiyo amoksilini si dawa mbaya. Haioteshi silia wala haigusi virusi, lakini ipo siku inahitajika, na siku hiyo haijulikani kwa kukisia dukani. Wapo hata watoto wachache mno wanaozaliwa silia zao hazipigi sawasawa. Hao hukohoa kikohozi kizito tangu uchangani, kila siku ya mwaka, na karibu nusu yao moyo unakuwa upande wa kulia. Kwa ulivyonieleza simfikirii mwanao huko, ila mtu akimsikiliza kifua ataujua moyo uko wapi.

Hukunitaja jiko. Mnapikia kuni? Mtoto huwa yuko wapi wakati makuti yanawashwa? Na udi usiku, unafukizwa chumba hicho hicho anacholala? Moshi unazichosha silia hata za mtu mzima, seuze hizo zinazoota upya. Kumhamisha tu mtoto wakati wa kupika kunaweza kumsaidia kuliko ile chupa ya rangi ya waridi. Asali kijiko kimoja kabla ya kulala, kwa umri wake, haina ubaya (aliye chini ya mwaka mmoja asipewe). Mafuta ya karafuu asinyweshwe hata tone, yanaumiza ini la mtoto. Nasema hivi kwa sababu najua chupa yake haikosekani kwenye kabati za Pemba.

Nirudi kwa mama mkwe. Lipo jambo umeliandika kwa mstari mmoja ukapita mbio: mtoto wake wa kwanza. Mie pale nilisimama. Huyu ni mama aliyezika mtoto kwa kifua, na kwa miaka yote hii kajibebesha jibu moja, kwamba lipo jambo angalifanya na hakulifanya. Sasa "mume wake" anakohoa alfajiri, naye amelala chumba cha pili hana usingizi. Nadhani akikisikia kikohozi kile anawasikia wawili. Wewe unadhani mnabishana juu ya kimeo. Huenda kwake unamwambia akae tu atazame tena. Neno "subiri", ambalo kaka yako kalisema kwa nia njema, kwa mama huyu ndilo neno baya kuliko yote. Ukipata namna ya kumwonesha kwamba kuna jambo la kufanya, na kwamba yeye ndiye atakayelifanya pamoja nawe, pengine mazungumzo yatakuwa mengine.

Unaweza kumwomba mwende naye hospitali kabla ya Ijumaa. Abebe mtoto yeye, aulize yeye, amwambie daktari achungulie na kimeo. Hatari yake naijua: wapo wahudumu wenye ulimi mkali, akimtolea bibi maneno mbele ya watu kwa ajili ya kimeo, atarudi nyumbani kashikilia zaidi. Ukiweza kutangulia dirishani na kumnong'oneza muuguzi mambo yalivyo, fanya hivyo. Hatari nyengine ni kwamba ukiwa naye pale, uongo wako utafumuka wenyewe mtakapoulizwa kama mtoto kashaonwa na daktari. Ndipo linapokuja swali la kumwambia kweli usiku wa kuamkia siku hiyo. Atakasirika. Anaweza kukununia siku mbili tatu, na anaweza kusema kumbe hakuna daktari aliyekataza, basi kikatwe. Lakini kwa uongo huu umejifunga mwenyewe: ukimpeleka mtoto kesho kwa siri na daktari akasema hayo hayo, utamwambiaje tena? Mtu mmoja tu ndiye anayeweza kupima kama nyumba yenu inaustahimili ukweli huu sasa hivi, na mtu huyo ni wewe.

Mumeo unamwuliza achague kati yako na mamake, naye kafanya wanalolifanya wanaume wengi wakiwekwa hapo. Ungemwomba kitu kidogo zaidi je? Ampigie mamake yeye, amwombe asogeze miadi wiki tatu tu, karafuu ziishe kwanza, na yeye awepo. Mama akiombwa na mwanawe huwa hahisi kashindwa. Wiki tatu ni nyingi kwa silia. Ila nazo zina hatari yake, maana wapwa wakirudi na mafua mapya hesabu itaanza mwanzo, na utaambiwa si tulikwambia.

Kwenda kwenu Chake si kosa, ni kwenu. Najiuliza tu itaonekanaje: umemchukua "mume" wa mtu ukaondoka naye bila ya kusema. Ijumaa hii itapita, na Ijumaa nyengine zipo. Lakini kama moyoni una shaka kwamba anaweza kukatwa wewe ukiwa umeteremka sokoni, basi hilo ni jambo jengine kabisa, na hapo kuwa mbali na kisu kunaweza kuwa na uzito kuliko kununa kwa mtu. Barua yako haikunionesha kama shaka hiyo unayo. Jiulize.

Jambo moja tu halingoji Ijumaa wala mumeo. Akianza kupumua mbio, mara 40 au zaidi kwa dakika ametulia, au ngozi chini ya mbavu ikawa inaingia ndani akivuta pumzi, au akakataa kunywa, au akalegea hata kuamka ni shida, toka naye usiku huo huo.

Usiku wa leo akipata usingizi, weka saa ya simu dakika moja, mfunue nguo, uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Iandike namba kwenye karatasi, ni miongoni mwa mambo ya mwanzo watakayotaka kuyajua hospitali. Mwite na mama mkwe akumulikie ile tochi. Na jioni mkikaa kuchambua karafuu, kama wifi yako yupo, muulize bila ya ushindani: siku ile mtoto wake alipokatwa, kikohozi kilikuwa na wiki ngapi?

Shangazi